Kona ya Sijui

Bupe hajui kupiga simu kwa utaratibu. Huanza na habari, salamu huzikumbuka akiwa anaaga. Siku ile nilikuwa jikoni kwangu Mbeya, parachichi mkono mmoja na kisu mkono mwingine, simu nimeibana kati ya shavu na bega, nikamsikia anasema, "Gwe Tupokigwe, Saituni anakuja. Jumamosi. Hapahapa kwangu Tukuyu." Kisu nilikiweka mezani bila kukitazama. Nikauliza Saituni yupi, swali la kijinga kabisa, maana kina Zaituni wamejaa nchi hii kutoka Tanga mpaka Kigoma, lakini Saituni ni mmoja tu, na sisi darasa la saba wa Lufingo ndio tuliomtengeneza. Bupe akacheka kile kicheko chake cha kukohoa. "Macho yake si masuli siku hisi," akasema kwa ule ulimi wetu wa nyumbani, "mwanae ndiye anamshika mkono. Uje mapema, usituletee mambo yako ya mjini." Ndipo akakumbuka kuniuliza nimeamkaje. Nilipokata simu nilijikuta nacheza peke yangu, mwanamke mwenye wajukuu, parachichi bado liko mkononi.

Sikuwa peke yangu kwa kweli. Neema, binti wa kaka yangu, alikuwa pale mezani ananitazama kama mtu aliyeona shangazi yake ameanza kuchanganyikiwa. Neema anafundisha shule ya msingi huko Kinyala, na huja kwangu mwisho wa wiki kupumzika, ingawa kupumzika kwake ni kulalamika. "Shangazi, watoto wa sasa hawana hamu," alikuwa ananiambia kabla simu haijalia. "Zawadi tumewapa. Fimbo tumewapa. Semina tumeenda, tumerudi na makabrasha. Mtoto anakaa tu anakutazama. Ukimwuliza kitu, anainamisha kichwa." Mimi mdomo ninao, na nimeishi kwa huo mdomo, nimesoma taarifa ya habari redioni hapa Nyanda za Juu miaka mingi, mpaka madereva wa malori hunitambua nikiagiza chai. Lakini hapo sikumhutubia. Nilimwambia tu Jumamosi asipange kitu, twende wote Tukuyu akamwone mtu. Kwa sababu huyo mtoto anayemsema, wa kuinamisha kichwa, namjua vizuri sana. Nilikuwa mimi, na mwaka ule nilikuwa nimekwisha kuamua kuacha shule.

Ya nyumbani kwetu nayaacha, kila mtu ana kwao. Nianzie uwanjani, mbele ya bendera, mwanzoni mwa mwaka, siku alipokuja mgeni kutoka wilayani nami nikachaguliwa kumsomea risala kwa kuwa nilikuwa na sauti. Lugha yetu ya nyumbani haina r. Haina z wala sh wala v. Mtoto wa Lufingo hukutana na herufi hizo shuleni, amekwisha kuota meno yote. Nikasimama, ukungu umetufunika mpaka magotini, nikasoma kwa nguvu zangu zote, "Mgeni lasmi, kalibu katika wilaya yetu ya Lungwe." Mgeni akatabasamu. Mwalimu wa zamu hakutabasamu. Mgeni alipoondoka, mwalimu alinirudisha palepale, shule nzima imepanga mistari, akaniamuru niseme Rungwe. Nikasema Lungwe. Tena. Lungwe. Ulimi wangu uliujua ule mlima wa juu yetu, ulioipa wilaya jina lake, kwa jina moja tu. Shule nzima ikacheka, na katika wote waliocheka hapakuwa na hata mmoja ambaye angelitamka tofauti na mimi. Nikaiogopa l kiasi kwamba nikaanza kutia r kila mahali. Nikasema mwarimu. Nikasema rakini. Siku moja tumbo liliniuma, nikaomba ruhusa nikarare nyumbani, darasa likavunjika mbavu. Baada ya hapo nikafunga mdomo. Nikiulizwa, nainama. Wenzangu kadhaa walikuwa wamekwisha kwenda kuchuma chai, na mimi nikajiambia chai ndiyo kazi yangu, kwa sababu majani ya chai hayamdai mtu atamke kitu.

Tena kulikuwa na kibao. Kilikuwa kipande cha ubao kilichotobolewa na kutiwa kamba ya mgomba, kimeandikwa NIMESEMA KILUGHA, nacho kilining'inia kwenye msumari kando ya mlango wa darasa. Ukikutwa unasema Kinyakyusa, unavishwa shingoni, na unatembea nacho mpaka umnase mwenzako umkabidhi. Tulikuwa tunaviziana chooni, tunaviziana mtoni, mtu anamkanyaga rafiki yake kidole makusudi ili alie kwa lugha ya mama yake. Kunong'ona na kuviziana, hayo ndiyo masomo tuliyoyaweza vizuri kuliko yote. Darasa lenyewe lilinuka masweta mabichi, maana Lufingo mvua hainyeshi ikaisha, hupumzika tu. Madirisha hayakuwa na vioo. Ukungu uliingia ukakaa madawatini pamoja nasi, na ubao tuliupaka mweusi wenyewe kwa mkaa wa betri zilizokufa uliopondwa na majani mabichi. Nikifumba macho hata leo, harufu ile inanijia, na nashangaa kwamba naipenda.

Humo ndimo alimoingia Mwalimu Zaituni. Mwembamba, mtandio kichwani, masweta mawili moja juu ya jingine na bado anatetemeka, kwa sababu alikuwa ametoka Pangani moja kwa moja na hakuna aliyemwambia kuna sehemu ya Tanzania ambako watu huota moto mchana. Akaandika jina lake ubaoni kwa herufi kubwa. "Haya, nisomeni," akasema. Tukamsoma kwa sauti moja, "Mwalimu Saituni." Tulipojisikia wenyewe, tukaganda. Yeye akasema, "Tena." Tukasema tena, kwa woga, Saituni. Akainamisha kichwa upande kama mtu anayeonja mchuzi. "Jina zuri hilo," akasema. "Pangani sina. Kule mie Zaituni, huku nimepata la pili bure." Kisha akakaa juu ya meza, jambo ambalo hatukuwahi kuliona mwalimu akilifanya, akatuambia ana shida. Asubuhi amempita mama anayetupikia uji, akataka kumwamkia kwa lugha ya hapa, akamwambia ugonile kama alivyofundishwa njiani, na yule mama akaguna tu. "Nimekosea nini, wanangu?"

Jibu tulilijua wote. Hakuna aliyelitoa. Macho yetu yote yalikwenda kwenye msumari, na yeye akayafuata. Akashuka mezani, akakishika kibao, akakisoma, akageuka. "Hiki cha nani?" Bupe, ambaye tangu utoto wake hajui kunyamaza, akasema, "Mtu akisema Kinyakyusa anafalishwa, mwalimu." Mwalimu Zaituni akafikiri kidogo. "Basi mie nimesema ugonile, tena mbele ya watu. Sheria ni sheria." Akakivaa. Alivua mtandio kidogo, akapitisha kamba, akaurudisha mtandio vizuri, kibao kikakaa kifuani mwake kama nishani. "Sasa nimeshavaa mie, hakuna mwingine wa kuvaa. Nani atanifundisha?" Sijui kama naweza kueleza kilichotokea mle ndani. Bupe alicheka kwanza, kisha darasa zima likasimama, kila mtu anataka kusema. Unasema mugonile, mwalimu, yule mtu mkubwa! "Yuko peke yake, mbona nimsalimie kama wengi?" Ndiyo heshima, mwalimu! Akaandika ubaoni yote mawili, akatuuliza ni wapi tena mtu mmoja hufanywa wengi kwa kuheshimiwa, na sisi tukaanza kuchimbua lugha zote tunazozijua, hata Kiingereza chetu cha kuokota. Lilikuwa somo la sarufi na hatukujua. Kengele ilipolia alitoka na kibao shingoni, akaenda nacho hivyohivyo mpaka ofisi ya walimu, na sisi tumejazana madirishani kumtazama.

Siku zilizofuata akaanzisha ile kona. Pembeni juu ya ubao alichora kisanduku, akaandika SIJUI, na chini yake USIFUTE. Utaratibu wake ulikuwa huu: mwanafunzi anauliza swali lolote, mwalimu akilijibu, vizuri, tunaendelea, likimshinda, anasema "Sijui" mbele ya wote, kisha anamkabidhi aliyeuliza chaki akaliandike mwenyewe kwenye kona. Atakayeleta jibu ndiye atakayelifuta. Mtu aliyesoma siku hizi hawezi kuelewa uzito wa chaki. Chaki ilikuwa ya mwalimu. Mwanafunzi kushika chaki ilikuwa ni kuiokota chini na kuirudisha. Sasa akisema tu "Sijui," darasa zima lilikuwa linapiga kelele, "Chaki!" na mtu anatoka mbele kifua mbele. Tuliwaka. Hatukulala tukitafuta swali la kumshinda. Kwa nini ndizi haina mbegu na imejaa kila mahali? Kwa nini kule chini bondeni, Masukulu, watu wanatembea vifua wazi wakati sisi huku tunavaa masweta, na jua ni moja? Bupe akauliza nani alijenga Daraja la Mungu, lile la jiwe linalovuka mto Kiwira, na kama ni Mungu mwenyewe, mbona hakuweka kingo za pembeni. Mwalimu alicheka mpaka akashika tumbo, akasema hajawahi hata kuliona. Basi Jumamosi moja tukaenda naye, tukatembea asubuhi nzima na magimbi ya kuchemsha mifukoni, na alipofika pale juu, maji ya Kiwira yananguruma chini ya jiwe, aliogopa kuvuka, tukamshika mikono. Tuliporudi tulikuwa tunabishana njia nzima juu ya mawe yaliyoyeyuka na maji yaliyotoboa, na wiki ile Bupe alilifuta swali lake mwenyewe, polepole, ili sote tumwone.

Na mimi? Mimi swali nilikuwa nalo, na lilikuwa zuri kuliko la Bupe. Nililipata mapema, nikalificha. Usiniulize kwa nini. Swali langu lilikuwa na jina la mlima ndani yake. Nisingeweza kuliuliza bila kulitamka, na nisingeweza kulitamka bila kurudi uwanjani siku ile. Kila asubuhi nilitoka nyumbani nimeapa leo naliuliza, na kila jioni nilirudi nalo limenikaba. Uamuzi wa chai ulikuwa palepale, nilikuwa nimeusogeza tu. Nilijiambia nitaondoka kesho, baada ya kuona swali la leo kama litamshinda. Sasa nikimsikia Neema akizungumzia hamu ya kusoma, namkumbuka msichana yule aliyekuwa anaahirisha kuacha shule kila siku, kwa sababu kesho kutakuwa na swali jipya.

Nyumba ya Mwalimu Zaituni ilikuwa ya vyumba viwili, nyuma ya shule, na Bupe na mimi ndio tuliompelekea maziwa jioni. Jikoni kwake kulikuwa na jiko la mkaa, mkeka, na mbuzi ya kukunia nazi, ambayo mwanzoni tulidhani ni kiti cha mtoto. Ndugu zake walimtumia nazi kwa basi. Siku ile alikuwa ametupikia wali, nami nikaonja nazi kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikanyamaza kabisa, na yeye akasema, "Hebu muone Tupokigwe, amepata swali." Mara akabisha hodi Mwalimu Mkuu. Akamkaribisha chumba cha mbele, sisi tukabaki jikoni na sahani zetu, ukuta kati yetu ni wa mabanzi. Mwalimu Mkuu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye hofu. Tulimsikia akisema mkaguzi anakuja. Tukamsikia akisema darasa la saba linacheka kutwa, walimu wenzake wananung'unika, na hiyo kona ya kusema hajui inamvunjia mwalimu heshima. "Mwaka jana mkaguzi aliwauliza hawa watoto, wakakaa kimya kama mawe. Wakikaa kimya tena, mwalimu, mimi sitakutetea. Utahamishwa." Nikasikia kijiko kikigonga kikombe. Kisha Mwalimu Zaituni akasema, "Wakikaa kimya, mkuu, hutanihamisha weye. Nitafunga virago mwenyewe." Bupe akanitazama. Nilimwambia kwa kunong'ona, kwa Kinyakyusa, kwamba akiondoka yeye, na mimi siji tena shuleni, na Bupe akasema basi bora mimi niseme kitu siku hiyo, maana mimi ndiye jiwe kubwa kuliko yote.

Mwalimu Mkuu hakutaka kubahatisha. Mwalimu Zaituni alipokwenda mjini kufuata mshahara, mkuu aliingia darasani kwetu, akafunga mlango, akatufundisha mbinu. Mkaguzi akiuliza, kila mtu anyoshe mkono, asibaki hata mmoja. Anayejua jibu anyoshe wa kulia. Asiyejua anyoshe wa kushoto. Mwalimu atamchagua wa kulia, mkaguzi ataona darasa zima linajua. Tulifanya mazoezi mpaka mabega yakauma, na nakiri tulifurahi sana, kwa sababu ulikuwa mchezo mzuri. Hakuna aliyemwambia Mwalimu Zaituni.

Mkaguzi alikuja siku ya mvua, mtu mnene mwenye mwavuli na viatu vilivyojaa tope, akakaa mbele kabisa badala ya nyuma. Mwalimu Mkuu akasimama mlangoni. Darasa lilikuwa kimya namna ambayo halijawahi kuwa tangu Saituni afike, na nilimwona mwalimu wetu akitutazama kwa mshangao, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Mkaguzi akauliza swali jepesi, nadhani kwa huruma. Mlima mrefu kuliko yote katika wilaya hii ni upi? Mikono yote ikaruka juu. Wa kwangu ulikuwa wa kushoto. Jibu nililijua tangu sijaota meno; nilinyosha wa kushoto kwa sababu jibu lilikuwa Rungwe. Mwalimu Zaituni alikodoa macho kuona mikono mingi namna ile. Mkaguzi akaitazama mstari kwa mstari, akaanza kutikisika, tukaona anacheka. "Shusheni," akasema. "Mimi nimesoma Masukulu. Kulia anajua, kushoto hajui. Mwalimu wetu alidhani amevumbua yeye." Mlangoni Mwalimu Mkuu akakohoa. Kisha mkaguzi akaninyoshea kidole mimi. "Wewe binti ulinyosha wa kushoto. Simama. Hujui nini?"

Nikaangalia chini, nikaona vidole vyangu vya miguu na tope lake. Nikasema moyoni, basi, amekwenda, tumemfukuza wenyewe. Nilipoinua macho nilimwona Mwalimu Zaituni amesimama kando ya kona yake. Hakunikonyeza wala hakunisihi. Alikuwa ameshika chaki kwa vidole viwili, mkono uko chini, ananisubiri kama siku zote. Na ndipo nilipoelewa kwamba nimeulizwa swali jepesi kuliko yote duniani. Hujui nini? Katika darasa lile, hilo ndilo tulilosomea mwaka mzima. Nikasema, "Sisi wote hapa tunasema Lungwe. Bibi setu wanasema Lungwe. Lamani inasema ile nyingine. Lakini sisi ndio tunaokaa chini yake. Sasa aliyekosea ni nani, ni sisi au ni lamani? Na huo mlima wenyewe ukiitwa, unaitikia lipi?" Hakuna aliyecheka. Mkaguzi alikuwa ameacha kutikisika. Mwalimu Zaituni akavuta pumzi, na mbele ya mkaguzi na mbele ya mkuu wake akasema kwa sauti ya kusikika, "Sijui." Darasa likasahau mgeni, likasahau kazi ya mtu, likalipuka. "Chaki!"

Nilikwenda mbele, sijui kwa miguu ya nani. Nikaandika kwenye kona RUNGWE AU LUNGWE, NANI ALIKOSEA, na kama ilivyokuwa desturi, nikalisoma kwa sauti. Na ile r ikatoka. Ilitoka yenyewe, safi, inavuma, siku ambayo hakuna aliyeidai. Mkaguzi aliitazama ile kona. "Marehemu bibi yangu," akasema, "alisema Lungwe mpaka anaingia kaburini. Na mimi nilikuwa namsahihisha." Kisha akamwuliza Mwalimu Zaituni kama mgeni anaruhusiwa kuuliza, akauliza la kwake, juu ya chai, kwa nini hailimwi kwao Masukulu kama huku juu, na darasa likamrukia kwa majibu kama nyuki waliochokozwa. Madaftari hakuyakagua. Alipotoka tuliwasikia nje kwenye baraza, mvua inapiga bati, Mwalimu Mkuu akisema, "Darasa hili lina kelele, mzee, tulikuwa tunafikiria," na mkaguzi akimkatiza, "Kelele nimeisikia. Msifikirie." Wiki ile kibao kilitoweka. Msumari ulibaki. Tulipomwuliza mama wa uji kama amekiona, alichochea moto wake, akasema, "Kilikuwa kikafu. Kimewaka fisuli."

Basi sikwenda kuchuma chai. Nilimaliza, nikaendelea, nikaja kulipwa kwa kutamka r na z kwa watu wasioniona, jambo ambalo bado linanichekesha kila nikipita Lufingo. Jumamosi ile tulipofika kwa Bupe, sebule ilikuwa imejaa watu wenye mvi wanaosukumana kama wako foleni ya uji. Mezani kulikuwa na mbalaga, ndizi zetu, zimepikwa na maharage, maziwa, maparachichi ya kumwaga, na kwa heshima ya mgeni Bupe alikuwa amehangaika akapata nazi, akapika wali uliomshinda. Mwalimu alikuwa kwenye kochi, mdogo kuliko nilivyomweka kichwani, miwani myeusi, masweta mawili. Neema alikuwa nyuma yangu. Nilikuwa nimeandaa maneno, nimeyafanyia mazoezi njia nzima. Nikasogea, nikakohoa, nikasema kwa sauti yangu ya kazini, kila herufi mahali pake, "Shikamoo, Mwalimu Zaituni." Akaitikia marahaba kwa upole, akageuza uso kuitafuta sauti. "Sauti ya serikali hiyo," akasema, na watu wakacheka. "Nani mwenzangu?"

Macho yakanijaa machozi, nikarudi nyuma mpaka mlangoni, na nilipofungua kinywa kutaja jina langu kikatoka kitu kingine kabisa. "Ni mimi, Mwalimu Saituni."

"Tupokigwe," akasema. "Tupokigwe wa mlima." Akavua miwani, ingawa haikumsaidia kitu, akanitazama mahali nilipo kasoro kidogo. "Swali lako nimezunguka nalo, mwanangu. Nimeliuliza Pangani, nimeliuliza kila waliponihamishia. Nimewauliza na wanafunzi wangu wote." Akatikisa kichwa, na nikaona anatabasamu kama msichana. "Sijui."

Wazee wazima wale wakalipuka kwa sauti moja, Bupe akiwaongoza, na Neema, ambaye hakuwahi kusoma darasa letu, akapiga kelele kuliko wote. "Chaki!" Mwalimu akaunyosha mkono mbele, vidole viwili vimebana kitu ambacho hakikuwepo, akasubiri. Nikatoka pale mlangoni nikaenda kuipokea.